Lita 200, joto la Dar na umeme wa kukatika: mtungi, hamira au sitriki?

#1 Mpanda Majani
Wakuu, habari. Naomba mawazo kabla sijaingia hasara ya pili.

Nina tangi la samaki la sentimita 120 kwa 45 kwa 45. Ukitoa mawe na udongo, maji yaliyomo ni kama lita 200. Nipo Tabata, natumia maji ya kisima. Nimepanda Ludwigia, Rotala, Vallisneria, na Anubias mbili nilizozifunga kwenye gogo. Taa za LED zinawaka saa 9 kwa siku. Anubias na Vallisneria hazina neno. Ludwigia imepauka, majani yake ya chini yanatoboka, na Rotala imerefuka vikonyo vitupu bila majani ya maana.

Mimea ya majini inakula gesi ya CO2 (kabonidayoksaidi), nikaamua kuiongezea. Nilianza na CO2 ya hamira: chupa mbili za lita 2, kila moja sukari gramu 200 na hamira nusu kijiko cha chai. Siku tatu za kwanza viputo vilikuja mfululizo hadi nikaita watoto waje waone. Siku ya tisa kimya. Nikatengeneza upya. Wiki iliyopita umeme ulikatika usiku, asubuhi nakuta povu la hamira limepita kwenye mpira hadi ndani ya tangi, maji meupe kama yaliyooshewa mchele, neon 14 wamekufa na waliobaki wanahema juu ya maji.

Msimamo wangu sasa: hamira haifai kwa tangi la ukubwa huu kwenye joto hili. Nataka mtungi wa presha wa CO2. Ila mke wangu hataki kusikia habari ya mtungi wa gesi sebuleni. Nishawishini au nizuieni.

#2 Jicho la Kambale
Pole kwa samaki. Joto la maji ni ngapi?

#3 Mpanda Majani
Nyuzi 29 asubuhi, 31 alasiri.

#4 Bibi Maandazi
Usiilaumu hamira, umeilisha vibaya. Aliyewahi kukanda maandazi Januari anajua: unga unaoumuka kwa saa mbili Lushoto, hapa Dar nusu saa tayari. Chupa yako ni hivyohivyo. Kwa nyuzi 31 hamira inakula sukari mbio, pombe inajaa chupani, na pombe ileile ndiyo inayoiua.

Mimi nina tangi la lita 60, mwaka wa tatu sasa kwa hamira tu. Natia robo kijiko, chupa zangu nazisimamisha ndani ya ndoo ya maji, na kati ya chupa na tangi kuna chupa ndogo ya maji ya kunasa povu. Ungekuwa na hiyo ya kati, povu lingeishia pale. Na chupa mbili hazianzishwi siku moja: moja leo, nyingine baada ya siku tano, zipokezane.

#5 Muuguzi wa Zamu
Mkuu Mpanda, sidhani kama gesi ndiyo iliyoua. Maji meupe ni bakteria. Sukari na pombe vikiingia kwenye tangi, bakteria wanazaliana kwa saa chache na wanamaliza oksijeni. Na maji ya nyuzi 30 yana oksijeni kidogo tangu mwanzo. Samaki wako wamekosa pumzi.

#6 Fundi Mitungi
#5 nakupinga kidogo. Umeme ulikatika, maana yake pampu ya filta ilisimama na maji juu hayakutikiswa. Hamira haina swichi, inatoa gesi usiku kucha. Mimea nayo gizani haili CO2, inaitoa. Kwa hiyo gesi ilipanda saa zote hizo na haikuwa na pa kutokea. Povu huenda lilikuja alfajiri tu, samaki walikuwa wamekwisha.

Mimi ni mchomeleaji, mitungi naishika kila siku, na tangi langu la lita 180 linatumia mtungi wa kilo 5 tangu mwaka juzi. Uzuri wa mtungi ni hapo: kuna solenoidi, valvu ya umeme inayojifunga yenyewe umeme ukikatika. Taima inafungua saa mbili kabla ya taa kuwaka na kufunga saa moja kabla ya kuzima. Giza likiingia, gesi imefungwa.

Sasa sikiliza mambo ambayo wauzaji hawakuambii. CO2 ndani ya mtungi ni kimiminika, na geji haionyeshi umebakiwa na kiasi gani. Mradi kuna kimiminika, geji inafuata joto tu. Yangu asubuhi inasoma presha ya ba 62, mchana 72, mtungi uleule. Ukiona geji inashuka kweli, ujue kimiminika kimekwisha na zimebaki siku chache. Anayetaka kujua kilichobaki apime kwa mizani na kutoa uzito wa mtungi mtupu, umegongwa shingoni. Ukipita nyuzi 31 kimiminika hakipo tena, presha inapanda kwa kasi. Ndiyo maana mtungi haujazwi pomoni, hauachwi juani, hausafirishwi kwenye buti la gari lililofungwa mchana. Na usimame wima, ufungwe ukutani. Ukiulaza, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta na kuiharibu.

#7 Kijana wa Mbagala
Fundi, regyuleta ya jiko la gesi si inaweza kufanya kazi? Ninayo moja haina kazi.

#8 Fundi Mitungi
Hapana. Hapana tena. Mtungi wa jikoni haufiki hata ba 15. Huu ni 60 na zaidi. Hiyo regyuleta itapasuka mkononi mwako. Tafuta ya CO2 yenyewe, yenye geji mbili na valvu ya sindano ya kuhesabia viputo.

#9 Nyanda za Juu
Kwa wasiojua, CO2 inachimbwa hapahapa. Rungwe, Mbeya, inatoka ardhini yenyewe kwa sababu ya volkano, inasafishwa na kujazwa kwenye mitungi. Kenya wana visima vyao Kereita, Kiambu. Kwa hiyo gesi ipo, tatizo letu ni kupata mtungi mdogo na mtu wa kukujazia kilo mbili tatu. Wengi wanajaza kwa ajili ya soda na bia ya kumimina.

#10 Mombasani
Mimi nilichukua mtungi wa kuzimia moto, ule mweusi wenye pembe. Ni rahisi kuupata. Unafaa?

#11 Fundi Mitungi
Unafaa ukibadilishwa. Ule una bomba ndani linalofika chini, ili ukibonyeza utoe kimiminika. Wewe unataka gesi ya juu. Aliyeidhinishwa kujaza atoe bomba hilo na abadili valvu. Usijaribu mwenyewe, mtungi ukiwa na gesi unaua. Na ukishaubadilisha usiutundike tena ukutani, moto ukiwaka mtu ataukimbilia bure.

Kwa wanaotaka kununua gesi kwa wachomeleaji wenzangu: uliza kama ni CO2 tupu. Mitungi mingi ya kuchomelea ina mchanganyiko wa agoni, na agoni haisaidii mmea wowote.

#12 Mwalimu wa Kemia Tanga
Mmeiruka njia ya katikati. Chupa mbili: moja ina asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, nyingine ina bakingi soda. Sitriki inavutwa kidogo kidogo upande wa pili, gesi inatoka, kuna valvu ya kufunga. Gramu 200 kwa gramu 200 zinatoa CO2 kama gramu 100. Sitriki inauzwa Kariakoo kwa wauza malighafi za juisi na sabuni. Haina pombe, haina povu la hamira, na usiku unaifunga.

#13 Mombasani
Sitriki mbona huuzwa ghali, si tutumie ndimu? Na mahali pa bakingi soda, magadi.

#14 Mwalimu wa Kemia Tanga
Lita moja ya maji ya ndimu ina sitriki kama gramu 45. Ili upate gramu 200 utakamua zaidi ya lita nne. Bora ufungue genge la juisi.

Magadi ni jambo jingine. Magadi ya ziwani ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, pamoja na uchafu wa kila namna. Yakikutana na asidi yanatoa gesi, sikatai, lakini hujui kiasi. Leo kiputo kimoja, kesho kumi.

#15 Bibi Maandazi
Magadi yanalainisha maharage na kisamvu. Kwenye tangi nisingeyasogeza.

#16 Kamau wa Tangi
Niko Nairobi, huku hamira yangu hukaa wiki tatu kwa sababu nyumba iko na baridi. Kwa hivyo ushauri wa #4 na hasira ya #1 vyote ni vya kweli, inategemea unaishi wapi. Lakini wacha nifanye hesabu ya #12. Kilo moja ya CO2 ni kama lita 550 za gesi. Tangi la lita 200 likikula gramu 10 kwa siku, chupa ya sitriki ni siku 10, basi. Mtungi wa kilo 5 ni zaidi ya mwaka. Fundi, wako umekaa muda gani?

#17 Fundi Mitungi
Miezi saba kila ukijazwa. Natoa viputo vinne hadi vitano kwa sekunde, na chujio langu linatikisa sana maji juu, gesi nyingi inatoroka.

#18 Mama Pwani Nyuzi 33
Mimi nasema tatizo la Mpanda si CO2 kabisa. Saa 9 za LED kwenye tangi lisilo na gesi ya uhakika ni nyingi mno. Mwanga ndio unaoamua mmea unahitaji kula kiasi gani. Punguza ziwe 6, weka udongo wa bustani chini ya mchanga, jaza Vallisneria, mvuche na mayungiyungi, uone. Ndivyo anavyofundisha Diana Walstad wa Marekani, na mimi nina miaka minne bila kiputo hata kimoja. Mimea yangu haikui mbio, ila haifi, na sijui samaki anayehema maana yake nini.

#19 Jicho la Kambale
Lakini Ludwigia yako ni nyekundu?

#20 Mama Pwani Nyuzi 33
Ya kijani yenye haya kidogo. Naipenda hivyohivyo.

#21 Mwalimu wa Kemia Tanga
Kuna jambo kwenye #1 limepita bila kuguswa: Vallisneria imestawi, Ludwigia imedhoofika. Maji ya visima vya Dar mengi ni magumu, yamejaa baikaboneti. Vallisneria inaweza kuitumia baikaboneti hiyo kama chanzo cha kaboni. Nyingine nyingi hazina uwezo huo, zinangoja CO2 tu. Anubias nayo inakua polepole, haidai kitu. Kwa hiyo mimea yako imeshakujibu yenyewe. Pima ugumu wa kaboneti na pH.

#22 Mpanda Majani
Nimepima leo. Ugumu wa kaboneti (KH) 12, pH 8.2.

#23 Mwalimu wa Kemia Tanga
Basi una CO2 kama miligramu 2 kwa lita. Wanaofuga mimea hulenga 30. Kwa KH 12, utafika hapo pH ikishuka hadi kama 7.1.

#24 Mpwa wa Kigoma
Naomba nionye wengine wasiige. Huku kwetu ziwa lina pH karibu 9. Mwenye samaki wa Tanganyika asiguse CO2 hata kidogo, atawashushia pH bure. Panda Vallisneria na mvuche, zipo ziwani zenyewe.

#25 Kijana wa Mbagala
Mpwa, mgebuka wa huko ukija Dar nistue.

#26 Mpwa wa Kigoma
Mgebuka anafugwa sahanini tu.

#27 Rafiki wa Kivu
Ndugu zangu, mimi ni wa Goma, nawasoma kila siku bila kuandika. Leo naandika kwa sababu ya huyo mke wa #1, maana hakuna aliyemjibu.

Huku tuna jina la gesi hiyo: mazuku, upepo mbaya. Inatoka ardhini kwenye mawe ya volkano, na kwa sababu ni nzito kuliko hewa inalala mabondeni. Haina harufu, haina rangi. Asubuhi unakuta mbuzi amelala shimoni kama amesinzia. Nilipokuwa mtoto tulikatazwa kushuka kwenye mashimo fulani kabla jua halijapanda, na jirani yetu mmoja alishuka kumtoa mbuzi wake, hakupanda tena. Sisemi mtungi wa kilo 5 ni volkano. Nasema usiuweke chumba ambacho mtoto analala chini kwenye mkeka na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

#28 Kamau wa Tangi
Asante sana kwa hiyo #27. Nimeketi nikapiga hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 4, urefu wa dari 3, ni lita 48,000 za hewa. Kilo 5 zikitoka zote ni lita 2,750 hivi, karibu asilimia 6. Hapo mtu huumwa kichwa na kuishiwa pumzi, na chini sakafuni ni mbaya zaidi. Kilo 2 ni kama asilimia 2 na kidogo. Mke wa Mpanda ako na hoja.

#29 Fundi Mitungi
Hesabu siipingi, ila mtungi hautoi kilo 5 kwa mkupuo isipokuwa kile kisahani cha usalama kimepasuka, na kinapasuka ukijazwa kupita kiasi au ukiachwa juani. Uvujaji wa kawaida ni wa kwenye nati. Paka povu la sabuni kila unapofunga, angalia kama linavimba. Na pale kwenye nati kubwa panawekwa pete ya washa, tepu nyeupe ya mabomba haifai. Wangu upo barazani, mpira tu ndio unaopita dirishani.

#30 Muuguzi wa Zamu
Kuhusu mpira: wengi mnatumia mpira wa dripu, na kile kichupa chake cha matone kinahesabia viputo vizuri kabisa. Sawa, ila ununue mpya uliofungwa, usiokote wodini. Na msije mkakimbilia ile "kaboni ya maji" ya chupa inayouzwa badala ya CO2. Ile ni glutaraldehaidi, dawa tunayotakasia vifaa vya upasuaji. Inakausha mwani, ni kweli, na Vallisneria pia huyeyuka nayo. Mvuke wake unawasha macho na kifua.

#31 Wa Ujerumani
Kwa waliopo Ulaya: mtungi wa mashine ya kutengenezea soda nyumbani una gramu 425, kuna kiungo cha kuufunga kwenye regyuleta. Kwa tangi dogo unatosha. Mpira wa silikoni usitumie, CO2 inapenya kwenye kuta zake. Nilihangaika mwezi mzima nikitafuta uvujaji ambao ulikuwa mpira wenyewe.

#32 Bibi Maandazi
Mpira wangu ni silikoni miaka mitatu na mimea inakua.

#33 Wa Ujerumani
Inakua, ila sukari yako nyingine inaishia hewani, Bibi.

#34 Jicho la Kambale
Mie naona wote mnapita pembeni. Nyuzi 31 zenyewe ndizo tatizo. Maji ya moto hayashiki gesi, iwe CO2 au oksijeni, na mimea ya kwenye joto inapumua mno usiku. Feni ndogo juu ya maji inashusha nyuzi mbili hadi tatu kwa kuvukiza. Anzeni na feni.

#35 Mama Pwani Nyuzi 33
Feni na taa saa 6. Jicho, leo tumekubaliana.

#36 Mwalimu wa Kemia Tanga
Feni inatikisa maji juu, CO2 inatoroka. Na maji yakivukiza, ugumu unapanda maana chumvi inabaki. Ukiweka feni, jazia kwa maji ya mvua.

#37 Mpanda Majani
Wakuu, mrejesho. Mke wangu amesoma #27 na #28 mwenyewe, tumekubaliana kilo 2, barazani, chini ya kivuli. Mtungi nimepata, nimebeba na regyuleta hadi kwa mjazaji ili tulinganishe nyuzi za nati kabla ya kulipa. Solenoidi ipo, taima ipo. Taa nimeshusha hadi saa 7, nimegawa tofauti na Mama Pwani.

Leo ni siku ya kwanza. Nilifungua saa 4 asubuhi, kiputo kimoja kwa sekunde. Nimetundika kile kikombe kidogo cha kioo cha kupimia CO2, chenye dawa ya rangi, inayotakiwa kuwa kijani. Saa 8 bado bluu, nikaongeza hadi viwili. Sasa saa 10, bado bluu, nimefika vinne. Niongeze tena?

#38 Kamau wa Tangi
Hiyo rangi huchelewa saa moja hadi mbili. Ngoja.

#39 Mwalimu wa Kemia Tanga
Mpanda, ndani ya kikombe umeweka maji gani?

#40 Mpanda Majani
Ya tangi, na matone manne ya dawa.

#41 Mwalimu wa Kemia Tanga
Funga gesi sasa hivi, kisha endelea kusoma. Dawa ile inageuka kijani kwa kiasi sahihi pale tu kikombe kina maji ya KH 4. Maji yako ni KH 12. Ukingoja kijani kwa maji hayo utafika miligramu 90 kwa lita, na samaki hawatakungojea.

#42 Mpanda Majani
Nimefunga. Neon watatu walikuwa wameanza kupanda juu, mimi nikadhani wana njaa. Nimeinua bomba la filta litikise maji.

#43 Muuguzi wa Zamu
Badilisha na theluthi ya maji. Usiwalishe leo.

#44 Mwalimu wa Kemia Tanga
Kesho nunua maji ya betri, yale yaliyochemshwa na kunaswa mvuke, siyo asidi ya betri. Lita moja, tia bakingi soda gramu 1.2. Chota mililita 100 za hayo, ongeza mililita 900 za maji ya betri matupu. Hiyo ni KH 4, itakutosha miaka.

#45 Mpanda Majani
Gramu 1.2 naipima kwa nini? Mizani ya jikoni inaanzia gramu 5.

#46 Bibi Maandazi
Nenda kwa sonara.